Nilivyoikosa dawa kwa kuogopa kuonekana

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nikivuka bahari kutoka Pemba hadi Unguja kufuata dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ilhali kliniki ya tiba na matunzo ipo hapa hapa Wete ninapoishi. Nilichokiogopa ni benchi la kusubiria, kwani kisiwani kwetu ukionekana umekaa mahala asubuhi, ukoo mzima unazo habari kabla ya adhuhuri. Mke wangu alijua hali yangu, lakini nyumba yetu haikauki wageni. Kwa hiyo vidonge nikavihamishia katika kopo la hiliki lililokaa jikoni, bila ya kile kijifuko cha kunyonya unyevu, na siku ambazo jikoni kulikuwa na watu nilikuwa nikiruka dozi.

Ulipoingia upepo wa kusi, bahari ikachafuka na safari nikaiahirisha mara mbili, nikakaa siku tisa bila ya kidonge hata kimoja. Kipimo kilichofuata kilionyesha wingi wa virusi uliopita nakala 1,000 katika mililita moja ya damu. Muuguzi aliniomba kopo langu, akamimina juu ya karatasi mabaki ya vidonge vilivyoshikana na kunuka hiliki, akanitazama: "Sheikh wangu, hivi navyo ni vidonge?"

Kwa hiyo, ndugu uliyegundulika karibuni, chukua dawa kituo kilicho karibu nawe na uiache katika chupa yake. Kidonge ni kimoja kwa siku, ndani yake mna dawa tatu, na virusi vikishafubaa unaweza kupewa akiba ya miezi mitatu au hata sita, hivyo benchi lile hulikalii mara nyingi kama unavyodhani. Virusi hujibanza ndani ya chembe za mwili ambamo dawa haiwezi kuving'oa. Dawa ikipungua katika damu huanza kuzaliana tena, na vinavyozaliana huku dawa ni haba ndivyo vinavyoweza kujenga usugu.

Niliogopa zaidi kwa ajili ya mke wangu. Virusi visipoonekana katika kipimo, havimpati mwenza kwa njia ya kujamiiana, lakini vyangu vilikuwa vimeonekana. Aliyekutana na hatari hiyo anaweza kupewa dawa za kinga za siku 28, iwapo atazianza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora; sisi tulikuwa tumeshachelewa. Alipimwa siku ile ile, tukatumia kondomu, akapimwa tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, ambazo mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Hana virusi, alhamdulillahi, nami vyangu havionekani tena.

Kuhusu Ramadhani, ambayo huulizwa sana: zungumza na kliniki kabla ya mwezi kuandama ili mpange saa ya kumeza. Tahadhari na dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini, kwani huizuia mojawapo ya zile dawa tatu isifyonzwe vyema. Kidonge kitangulie kwa saa mbili au kifuate baada ya saa sita. Mimi humeza changu wakati wa futari, na sambusa zikinizidi, dawa ya kiungulia huisubirisha hadi daku.