Damu ya Sukari, Mayowe ya Pagaleni

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nina milioni tatu, kamera ya kuazima na washkaji sita. Nataka nipige filamu ya muuaji wa panga. Naanzia wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Anzia kwenye sauti.

Mimi nilianza na pungufu ya hizo. Tulipata pagale Kigamboni, bure. Muuaji tukamvika salfeti lililotobolewa macho. Nilijiona mjanja, maana nilishasoma kwamba filamu ya Halloween ya 1978 ilitengenezwa kwa dola laki tatu na kidogo, na uso wa muuaji wake, Michael Myers, ni kinyago cha dukani cha Captain Kirk wa Star Trek, kikapuliziwa rangi nyeupe. Kumbe nilisoma nusu. Muziki wa filamu hiyo, mwongozaji wake John Carpenter aliutunga mwenyewe, na ndio unaokutia baridi kabla hujaona mtu. Mimi sauti niliiachia maiki ya kamera.

Damu tulipika: sukari, maji, rangi ya chakula, kakao kidogo isije ikafanana na soda. Ilitoka safi. Ila maiti wetu alilala chini dakika arobaini sisi tukihangaika na taa, sisimizi wakamfikia. Shoti ya maiti akijikuna paja ninayo mpaka leo.

Usiku wa pili, dada anayekimbizwa akapiga yowe la kweli. Mtaa mzima ukatoka na marungu, "Mwizi!" Jamaa wa salfeti, haoni vizuri, akakimbilia kulekule waliko. Tulimwokoa kwa kupiga magoti. Kosa langu: sikupeleka barua serikali ya mtaa wala kuaga majirani. Wewe pita nyumba kwa nyumba, hilo salfeti ukiwa nalo mkononi, walione.

Kisha siku ya onyesho. Muuaji anainua panga, nyuma yake bodaboda inapita, halafu mtu anaita maandazi. Ukumbi ukaangua kicheko. Msambazaji mmoja akanipa mkono: "Hongera, vichekesho vyako vizuri."

Inaniuma bado. Ndiyo maana nyie mnaokimbilia kamera ya bei mbaya kabla ya maiki mnaniudhi. Kodi maiki! Kabla ya kufunga vifaa, nyamazeni wote, mrekodi pagale likiwa tupu dakika mbili. Ukimya huo utaulilia wakati wa kuhariri. Panga likikwaruza bati nje ya dirisha, halina haja ya kuonekana. Maiki, mdogo wangu. Damu itasubiri.

Filamu ya pili niliipiga chumba kimoja, waigizaji wanne, damu kijiko. Muuaji humwoni mpaka karibu na mwisho. Unamsikia tu akivuta miguu kwenye kokoto. Hakuna aliyecheka. Dada mmoja aliinuka, akaimalizia amesimama mlangoni, viatu mkononi.

Yule msambazaji sikumwalika.