Barua kwa mwanangu aliye ng'ambo ya mto

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako nimezipata, na picha ya mjukuu wangu nimeitazama mpaka simu ikazima. Swali lako nimekaa nalo siku tatu: "Baba, miezi saba Wamarekani hawajakujibu ombi lako la kuingia kwao. Mbona usiende tu darajani ujaribu bahati? Huenda ukaangukia afisa mwenye huruma."

Nilishajaribu. Na wewe ulikuwemo garini.

Unaikumbuka ile harusi ya kule Columbus, Marekani, mwaka 2009? Ulikuwa na miaka kumi na miwili, mikono imejaa hina, hutaki kugusa kitu. Tukapanda Ambassador Bridge, lile daraja la kutoka hapa Windsor, Canada, kwenda Detroit, Marekani. Kule kibandani afisa akatazama pasipoti yangu, akatazama kompyuta, akatuelekeza tuegeshe pembeni. Mimi nikaitwa ndani. Nilipotoka nilikwambia baba amesahau karatasi nyumbani. Nilikudanganya, mwanangu. Mama yako aligeukia dirishani njia nzima, na ile halua ya maharusi tukaila wenyewe wiki nzima.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1994 nilikamatwa na bangi, msokoto mmoja na nusu, katika chumba tulichopanga vijana watatu. Hakimu akanitoza faini, nikalipa, nikadhani yamekwisha. Kwa Canada yamekwisha kweli: tangu tarehe 17 Oktoba 2018 bangi ni halali, na sasa inauzwa dukani. Liko duka moja karibu na kinyozi wangu, vioo vinang'aa kushinda famasi. Hata msamaha wa rekodi nimepewa. Lakini Marekani haiutambui msamaha wa Canada. Na ingawa huko kwenu jimbo la Michigan nako wanaiuza hadharani, mpaka unalindwa kwa sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, na kwa sheria hiyo mimi bado ni mtu aliyehukumiwa kwa dawa za kulevya. Ndiyo maana inanibidi niombe weva, yaani ruhusa maalumu ya kuingia, kwa fomu wanayoiita I-192.

Nimelipa dola 1,100 za Kimarekani, na wakikataa hazirudi. Alama za vidole nimechukuliwa mara mbili, huku kwa ajili ya cheti cha polisi na kule kwa maafisa wa mpakani. Kilichonitoa jasho hasa ni barua ya maelezo. Wakili alinieleza kwamba wanapima mambo matatu, tangu ile kesi ya Hranka ya mwaka 1978, ya mwanamke wa Canada aliyekuwa akitaka kuwatembelea jamaa zake: ukiingia utaleta madhara gani, kosa lako lilikuwa zito kiasi gani, na unakwenda kufanya nini. Kwa hilo la tatu nilijaza kurasa mbili, nikazichana, nikaandika: nataka kumbeba mjukuu wangu. Wakili akasema vizuri, ila niongeze tarehe na anwani yako.

Sasa kuhusu kujaribu bahati. Nikienda bila ruhusa nitarudishwa, na kurudishwa huko kutaandikwa wakati faili langu liko mezani kwao. Halafu afisa ataniuliza kama nimewahi kuhukumiwa. Nikisema la, nimeongeza uongo, na uongo wa mpakani peke yake unatosha kukufungia mlango. Siku ile ya harusi nilifanya jambo moja la sawa: afisa nilimwambia kweli. Niliyemficha ni wewe.

Usidhani nimetulia. Kila asubuhi kabla ya chai nafungua akaunti ya ombi langu, nakuta maneno yale yale, bado linaangaliwa. Mama yako amenipiga marufuku kuifungua baada ya Isha, ati nageuka geuka kitandani usiku kucha. Na wakikubali, ruhusa yenyewe haizidi miaka 5, kisha nianze upya, na vidole tena. Mtoto atakuwa keshaanza shule.

Nawe usithubutu kuvuka kuja kwangu. Karatasi zako za makazi hazijatoka. Ukitoka huko bila kibali cha kusafiri, watahesabu umelitupa ombi lako, tubaki wawili wa kungoja upande mmoja na mumeo peke yake upande wa pili. Mto wenyewe hapa katikati ya mji hata kilomita haufiki! Kwetu Mombasa ungeshuka Likoni na kapu lako, ukapanda feri bure, wala hapana wa kukuuliza jina.

Mama yako atavuka Jumamosi na mahamri. Mbaazi amesema atapika akifika huko, hataki maswali ya vyakula pale kibandani. Mimi nitakuwa ukingoni, pale pale Riverside upande wa Windsor, saa kumi jioni. Mlete mtoto upande wa uwanja wa Hart Plaza huko Detroit, umwinue juu kidogo, na simu usikate. Nitavaa lile koti la manjano la kazini, maana mara ya mwisho ulimpungia mzee mwingine kabisa, naye akakupungia.

Baba yako