Kesi ya dola elfu moja na mia tano: juri ya nini?

Tangu tugusie kesi za madai hapa, wengi mmeuliza kuhusu juri, wale raia wa kawaida wanaokaa mahakamani Marekani kusikiliza ushahidi na kuamua nani ana haki. Nimechagua maswali matano.

Kaka, habari za kazi. Nimehama nyumba ya kupanga hapa Silver Spring, Maryland. Mwenye nyumba amezuia dipoziti yangu, dola 1,500, eti zulia limechafuka. Nataka kumpeleka mbele ya juri, watu wa kawaida watanielewa. Rafiki yangu anasema siwezi. Kweli?

Rafiki yako yuko sahihi. Maryland huwezi kudai juri mpaka shauri lizidi dola 25,000. Kiwango kilikuwa 15,000. Wapiga kura wenyewe ndio waliokipandisha kwenye kura ya maoni ya Novemba 2022. Madai yasiyozidi 5,000 husikilizwa na hakimu peke yake, kwa utaratibu mwepesi usiohitaji wakili.

Usisikitike, maana kwa kesi kama yako hiyo ni nafuu. Sheria ya jimbo inampa mwenye nyumba siku 45 akurudishie pesa, na akikata kwa uharibifu akutumie kwa posta orodha ya uharibifu na gharama zake. Asipoituma, amepoteza haki ya kukata. Akizuia bila sababu ya msingi, unaweza kudai hadi mara tatu ya alichozuia. Kwako ni 4,500, bado uko ndani ya kiwango hicho cha 5,000. Nenda na mkataba, picha za zulia siku uliyoingia na siku uliyotoka, na barua yoyote aliyokuandikia. Hakimu ameshaona mazulia mengi.

Mbona Katiba ya Marekani inasema juri ni haki kuanzia dola 20? Au sisi wageni tunadanganywa? (Houston)

Hudanganywi. Marekebisho ya Saba ya Katiba, ya mwaka 1791, yanataja dola 20, na hakuna aliyeigusa namba hiyo hadi leo. Wamarekani walikuwa na kinyongo: tamko lao la uhuru la 1776 linamlaumu mfalme wa Uingereza kwa kuwanyima juri katika kesi nyingi.

Lakini mwaka 1916 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Marekebisho ya Saba hayazibani mahakama za majimbo. Yanabana za shirikisho tu, yaani za serikali kuu, na huko, kama kinachoipa mahakama nguvu ya kusikiliza kesi ni kwamba mnatoka majimbo tofauti, lazima dai lizidi dola 75,000. Kesi ya dipoziti, ya gari lililokwaruzwa au ya fundi aliyekimbia na pesa ya watu inaishia kwenye jimbo, na kila jimbo lina sheria yake.

Niligongwa gari kwa nyuma hapa Baton Rouge, Louisiana. Ajabu ni kwamba kampuni ya bima ndiyo inayotaka juri, wakili wangu hataki kabisa! Nilidhani juri ni kimbilio la mnyonge.

Swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii. Kwa miaka mingi Louisiana ilikuwa na kiwango cha juu kuliko majimbo yote: dai lisilozidi dola 50,000 halikuwa na juri. Mawakili wa waliojeruhiwa walijua la kufanya. Mteja anatamka tu kwamba hadai zaidi ya 50,000, na kesi inabaki kwa jaji. Majaji kule huchaguliwa kwa kura, na kampuni za bima zikalalamika kwamba wanawapendelea walalamikaji, ambao ni wapiga kura wao, na kwamba ndiyo sababu bima ya magari ni ghali. Mawakili wakajibu kwamba juri itachelewesha kesi ndogo na kuzifanya zisilipe hata gharama za daktari anayekuja kutoa ushahidi.

Bunge la jimbo likazisikiliza kampuni. Tangu Januari 1, 2021 kiwango ni dola 10,000. Kwa hiyo dai la, tuseme, 30,000, ambalo zamani lingeishia kwa jaji, leo bima inaweza kuliombea juri.

Mimi nasema hivi: anayepigania juri, au anayeipinga, mara nyingi ameshapiga hesabu ya nani atachoka kwanza. Kampuni inaweza kusubiri mwaka wa pili. Wewe mwenye mgongo unaouma na bili mlangoni huwezi. Muulize wakili wako juri itaongeza miezi mingapi na gharama kiasi gani, kisha ndiyo uamue kama ukubali fidia yoyote ambayo bima inataja sasa.

Habari yako. Niko Nakuru, nauza vifaa vya ujenzi. Mteja ana deni langu la saruji, shilingi 340,000. Kwa nini Kenya hatuna juri kama Wamarekani?

Enzi za ukoloni juri ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika alipata wazee washauri tu katika kesi za jinai, ambao jaji hakulazimika kuwafuata, na hao nao waliondolewa 2007. Sioni mtu anayeililia juri, na kwa deni la saruji haina kazi.

Yako ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inapokea madai hadi shilingi milioni moja, na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Ninachokionea wasiwasi ni rufaa: inakwenda Mahakama Kuu kwa hoja ya sheria tu. Mwamuzi asipoamini risiti yako, hutapata mahali pa kubishania risiti hiyo tena. Basi hati za kupokelea mzigo zenye sahihi ya mteja zipeleke zote siku ya kwanza.

Shikamoo mzee. Nina green card, kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, na nimeletewa barua ya kuitwa kwenye juri. Niende?

Marahaba. Usiende kukaa kwenye juri, ni ya raia peke yao. Ila barua usiitupe. Jaza fomu, weka alama kwamba wewe si raia, irudishe kabla ya tarehe iliyoandikwa, na ubaki na nakala. Usijaribu kamwe kutia alama ya uraia. Hilo linaweza kukuharibia makaratasi yako yote.