Kipandauso safarini wakati wa joto

Kuzuia kipandauso safarini, maji pekee hayatoshi. Safarini joto huungana na usingizi wa kuungaunga, mlo ulioruka na mwanga mkali, na ni mrundikano huo ndio unaoamsha kipandauso. Joto huwezi kulizima, hayo mengine unaweza. Kunywa kidogo kidogo kabla kiu haijakushika (ukitoka jasho jingi, ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari maalumu, ni bora), kula saa zako za kawaida, vaa kofia na miwani ya jua. Mnywaji wa kahawa asiiache ghafla siku ya safari. Kuikosa nako huleta maumivu.

Dawa kaa nazo kwenye mkoba, si kwenye buti la gari: soma karatasi ya ndani ya boksi, nyingi hazitakiwi kuzidi nyuzi 25 au 30. Meza maumivu yanapoanza tu, ila triptani (dawa za kutuliza kipandauso) zikifika siku 10 kwa mwezi, zenyewe huweza kuzaa maumivu ya kichwa.

Anayetumia dawa ya topirameti kama kinga ya kipandauso awe makini zaidi, maana inaweza kupunguza jasho na mwili ukashindwa kujipoza. Kichwa kikiambatana na homa kali na kuchanganyikiwa, usisubiri, nenda hospitali.