Kikapu cha jirani: kiweke chini kwanza

Mkuu, kabla hujafunga hicho kikapu, kiweke chini. Umeandika kwamba jirani aliyekusogezea mpaka wa shamba ana mtoto amelazwa, na Jumapili baada ya ibada unakwenda wodini na wanajumuiya kumi, wali na kuku mkononi, "nimpalie makaa ya moto kichwani". Ukauliza pia kama umsalimie, na kama uifute kesi ya mpaka. Nitafika huko, nikikumbuka.

Hayo makaa huanza kumuunguza aliyeyabeba. Usiniulize nimejuaje, kovu lenyewe halijakauka. Waliotuhubiria kwamba ukimlisha adui unamchoma polepole, na sisi tukapiga makofi, walisoma mstari mmoja wakafunga kitabu. Warumi 12:20 Paulo ananukuu Mithali 25:21-22: adui yako akiwa na njaa mlishe, maana utampalia makaa ya moto kichwani. Kule Mithali maneno yanaendelea kwamba Bwana atakupa thawabu. Paulo kakata kabla ya hapo, thawabu kaiacha nje, akaingia kwenye kuushinda ubaya kwa wema. Na mstari wa 19 ulishakataza kisasi. Sasa kikapu chenye kisasi ndani kimetoka mstari gani? Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, aliyaelewa makaa hayo kuwa uchungu wa toba unaomchoma mtu mwenyewe moyoni. Hauletwi na msafara wa watu kumi.

Halafu huyo kuku. Chakula kilichopikwa jikoni kwa adui hakiliwi, mkuu! Wewe unaona wali, yeye anaona sumu, au mkono wa mganga. Atapokea kwa adabu maana umekuja na mashahidi. Mkigeuka tu, kinamwagwa. Na mtoto akizidiwa usiku huo, kwa ugonjwa wake uleule, anayetafutwa ni wewe. Hapo hata mpaka wa shamba utausahau.

Mimi nina sheria moja tu: peleka kinachopungua, kwa kiasi kinachopungua, kimyakimya. Kutoka 23:5 inasema punda wa anayekuchukia akilala chini ya mzigo, msaidie. Punda asimame, basi. Hujaambiwa umnunulie wa pili. Kwa hiyo mtafute mtu anayeelewana naye, shemeji yake au mama mmoja wa jumuiya asiye na mdomo, aulize wodini kinakosekana nini. Kama ni dawa, mpe huyo hela alipe dirishani, risiti ibaki kwa wenye mgonjwa. Kama ni chakula, nunua vilivyofungwa kiwandani: unga kilo 2, sukari kilo 1, na sabuni ya mche juu yake. Usifungue pakiti, usihamishie kwenye chombo chako. Kisizidi kile ambacho naye angeweza kukurudishia siku moja bila kukopa, maana ukizidisha umemvika deni, na mtu humchukia anayemdai kuliko aliyemtukana. Akiuliza kimetoka kwa nani, aambiwe ukweli. Asipouliza, jina lako lisitajwe.

Najua utaniletea nabii Elisha na karamu ya 2 Wafalme 6. Sawa, lakini isome yote. Jeshi la Shamu limeingizwa Samaria, mfalme anataka kuwapiga, Elisha anasema wapewe mkate na maji. Wakala, wakanywa, wakaachwa waende kwa bwana wao. Hakuna aliyehubiri mezani wala aliyewaambia "mmeona sasa?", na vile vikosi havikurudi tena. Tena wale walikula chakula cha adui kwa sababu walikuwa mateka. Jirani yako si mateka, ana mlango na anaweza kuufunga.

Kesi iache iendelee. Baada ya Warumi 12 inakuja 13, ya kutii mamlaka, na Paulo mwenyewe alikata rufani kwa Kaisari, Matendo 25:11. Ukiifuta wiki hiihii ya kikapu, atadhani unga ule ulikuwa bei ya kitu fulani, na atakaa akisubiri kujua ni kipi.

Salamu? Wengine watakujibu. Ila ile picha ya kikapu uliyoituma kwenye kundi la jumuiya, ifute sasa hivi, kabla mke wa jirani hajaiona.