Kwa Nini MySQL Iliondoa Kache ya Majibu?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninasimamia seva ya chama chetu cha akiba na mikopo, ambayo inatumia MySQL 5.7, programu ya kanzidata. Nilipojaribu toleo la 8.0, seva ilikataa kuwaka kwa kuwa haikuutambua mstari wa query_cache_size (ukubwa wa kache ya majibu) uliomo katika faili la mipangilio, na ndipo nilipogundua kwamba kache hiyo imeondolewa kabisa. Je, ni haki kuwanyang'anya watumiaji kitu walichokizoea, badala ya kukiacha kimezimwa ili anayekitaka akiwashe?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ni haki, na kwa maoni yangu watengenezaji wa MySQL walichelewa. Kache hiyo ilihifadhi jibu zima la SELECT, yaani ombi la kusoma data, ili ombi lilelile likirudi lijibiwe bila kugusa majedwali. Lakini ulinganisho ulikuwa wa herufi kwa herufi, hivi kwamba SELECT ya herufi kubwa na select ya herufi ndogo zilihesabiwa kuwa maombi mawili tofauti. Isitoshe, badiliko lolote katika jedwali lilifuta majibu yote yaliyotokana nalo: mwanachama wenu mmoja akiweka amana, majibu yote yaliyosomwa katika jedwali la amana hutupwa, hata yale ya wanachama ambao hawajagusa akaunti zao.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kache nzima ililindwa na kufuli moja, lililoruhusu ombi moja tu kuigusa kwa wakati mmoja. Katika mashine za leo zenye prosesa za viini vingi, maombi hupanga foleni kusubiri kufuli hilo, na kache iliyokusudiwa kuharakisha kazi ikawa ndiyo inayoichelewesha.

Kuizima walikwishaizima: tangu toleo la 5.6 haikuwa ikiwaka isipokuwa kwa amri ya msimamizi. Hata hivyo, msimbo uliozimwa bado hudai kutunzwa, na kila kipengele kipya hulazimika kuuzingatia. Mwaka 2017 walitangaza kuiacha, na toleo la 8.0 la mwaka 2018 likaja bila hiyo. Muda huo ulikuwa mfupi, hapo nakubaliana nawe, ingawa 5.7 iliendelea kuhudumiwa hadi Oktoba 2023.

Si kila kipengele kibovu kinastahili kuondolewa. Katika PostgreSQL, programu nyingine ya kanzidata, faharasa (orodha za kuharakisha utafutaji) za aina ya hash zilikuwa haziaminiki seva ikizimika ghafla, na mwongozo wenyewe uliwaonya watu wasizitumie. Lakini kasoro ilikuwa kazi isiyomalizika, si msingi mbovu, na watu walijitokeza wakaikamilisha katika toleo la 10. MariaDB nayo, iliyotokana na MySQL, imeibakiza kache ya majibu ikiwa imezimwa.

Kabla ya kuhama, linganisha Qcache_hits (maombi yaliyojibiwa na kache) na Com_select (SELECT zilizotekelezwa bila kujibiwa na kache) katika matokeo ya amri ya SHOW GLOBAL STATUS kwenye seva yenu ya sasa. Ikiwa ya kwanza ni ndogo sana mbele ya pili, futa mistari yote ya query_cache na uendelee. Ikiwa ni kubwa, hifadhini majibu hayo nje ya kanzidata, kwa Redis (hifadhi ya data iliyo katika kumbukumbu) au ProxySQL (programu inayokaa kati ya programu zenu na MySQL).