Mbona mvulana ndiye anayedhoofika?

*Pacha wangu, mvulana na msichana, wametimiza mwaka. Kila mmoja ana kilo 7.4. Kliniki wamesema kijana yuko chini, lakini dada yake hana neno. Si uzani ni ule ule? – Mama Pacha, Kondele, Kisumu*

Ni ule ule, mama, ila chati ni mbili. Fungua kijitabu chao cha kliniki uone: ya wavulana kivyake, ya wasichana kivyake. Mvulana wa mwaka mmoja akiwa chini ya kilo 7.7 ana upungufu wa uzani. Kwa msichana mpaka ni 7.0. Kijana ameshateremka, na dada yake hayuko mbali, kwa hiyo usimwondolee macho. Tazama pia vipimo vya miezi iliyopita. Mstari wa uzani uliolala kwenye chati, usiopanda, hunitia hofu kuliko namba moja ya leo.

*Huyu wangu anakula kushinda dada zake. Mtoto wa kiume atapataje utapiamlo? – Baba, Kaptembwo, Nakuru*

Anaupata, tena zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta wavulana 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wasichana 22. Mvulana ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaliwa njiti, nimonia na kuhara humwelemea upesi, na mwili wake unadai chakula kingi. Sahani yake ikipunguzwa, au akiharisha wiki nzima, yeye hutangulia kukonda.

*Mjukuu wangu ana miezi mitatu na analia mchana kutwa. Nimemwambia mkwe ampe uji, maziwa hayamtoshi dume. – Nyanya, Butere*

Nyanya, nakusihi kwa heshima, usimpe. Nimeiona hiyo chupa mara nyingi: uji mwepesi wa mahindi, chuchu imetobolewa kwa sindano ya moto ili upite. Tumbo linajaa maji, mtoto anaacha kunyonya, maziwa ya mama yanapungua, kisha kuhara kunaingia. Hadi miezi sita ni ziwa tu, usiku na mchana. Mkwe wako apumzike, ale ashibe, wewe umshikie kazi za jikoni. Ikifika sita, uji wa wimbi uwe mzito, usiochuruzika kijikoni, utiwe omena iliyosagwa. Na mjukuu wa kike apate vivyo hivyo.

*Utepe wa kupima mkono una rangi tofauti kwa wasichana? – Msomaji, Busia*

Hapana. Kuanzia miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu kwa wote. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.